Tovuti Inafunguka Nyumbani, Nje Haifunguki: Nilivyoitafuta Pakiti Iliyopotea

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya maneno ya useremala, kuanzia majina ya vifaa kama randa, tezo, patasi na timazi hadi namna mafundi wanavyozitaja kasoro za mbao, na hatimaye niliamua kuyaweka kwenye tovuti ninayoiendesha mwenyewe, katika kompyuta ndogo iliyokaa kando ya ruta nyumbani kwangu. Kuiandaa seva hakukunichukua muda mrefu. Ukurasa ulifunguka kwenye kompyuta ninayofanyia kazi, ukafunguka kwenye simu yangu, michoro yote ikaonekana, nami nikampigia dada yangu ili aufungue akiwa kwake. Nilimsikia akibonyeza, kisha kimya.

"Kiduara kinazunguka tu, kaka," alisema. Baada ya kama nusu dakika akaongeza, "Sasa imeandikwa kwamba tovuti imechukua muda mrefu mno kujibu."

Katika maneno hayo machache dada alikuwa amenipa dokezo zito kuliko yote niliyoyapata katika jioni tatu zilizofuata, ila sikulitambua. Badala ya kulipima nilifanya wanalofanya wengi: nikaingia kwenye mipangilio ya seva na ya ruta, nikabadilisha kimoja, nikajaribu, nikabadilisha kingine, nikajaribu tena, hadi nikawa sikumbuki tena nilianzia wapi. Naandika haya kwa kirefu kwa sababu nimewaona watu wenye kazi nzuri za kuwaonyesha wenzao wakiachia njiani, wakiamini kwamba wao ndio wasiojua, ilhali kasoro ilikuwa mahali ambapo mikono yao haifiki kabisa.

Ombi la mtu aliye nje husafiri hivi. Kivinjari chake huuliza kwanza jina la kikoa, yaani jina la tovuti, lina anwani gani, hupewa nambari, kisha hutuma pakiti ya kwanza, yaani kifurushi kidogo cha data, kwenye nambari hiyo, katika poti (nambari ya mlango wa huduma) 80 ikiwa mawasiliano hayasimbwi au 443 ikiwa yanasimbwa. Pakiti hupita katika mitambo ya watoa huduma mpaka ifike upande wa nje wa ruta yako. Hapo ruta lazima iwe imeagizwa kwamba anayebisha kwenye poti hiyo apelekwe kwa kompyuta fulani ya ndani, kwa kuwa vifaa vyote vya nyumbani hujificha nyuma ya anwani moja, na ruta haiwezi kukisia ni kipi kati yao kinachotafutwa. Unaposoma kurasa za wengine shida hii haipo, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza mazungumzo, na ruta huandika katika jedwali lake kwamba kifaa fulani kimetoka kwenda mahali fulani, hivyo jibu likirudi inajua limpelekee nani. Mgeni anayeanza mazungumzo kutoka nje hana mstari wake katika jedwali hilo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na intaneti isiyo na dosari yoyote na bado asitembelewe na mtu hata mmoja.

Baada ya ruta kuna ukuta wa moto wa kompyuta yenyewe, yaani programu inayoamua pakiti zipi ziingie, kisha programu ya seva, kisha safari ya jibu kurudi. Pakiti inaweza kuishia katika kituo chochote kati ya hivyo, na kazi nzima ya kutafuta kasoro ni kujua imeishia kipi. Mpaka hilo lijulikane, kila badiliko ni kubahatisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kipimo. Wiki kadhaa kabla, nilipokuwa bado naiandaa tovuti, niliandika jina la kikoa pamoja na anwani ya ndani ya seva, 192.168.1.20, katika faili la hosts la kompyuta yangu, orodha ambayo kompyuta huisoma kabla ya kuuliza nje, ili nisiandike nambari kila mara. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Kwa hiyo nilipoandika jina na ukurasa ukafunguka, niliamini kwamba jina linafanya kazi, kumbe kompyuta haikuuliza chochote nje ya nyumba, ilijijibu yenyewe. Simu nayo niliijaribu kwa nambari ya ndani ikiwa kwenye Wi-Fi ileile. Vipimo vyote viwili vilikuwa vya ndani kwa ndani, na havikuweza kunieleza lolote kuhusu mlango wa nje.

Kuna mtego mwingine unaovuta upande wa pili. Baadhi ya ruta haziwezi kuipokea pakiti iliyotoka ndani kwenda kwenye anwani yao ya nje, zikaigeuza irudi ndani. Mwenye nyumba akiandika anwani yake ya umma akiwa sebuleni huona kimya, akaanza kubomoa mipangilio iliyokuwa sahihi, huku walioko nje wakiisoma tovuti bila shida. Ruta nyingine humwonyesha ukurasa wake wa kuingilia mipangilio, naye hushtuka akidhani dunia nzima inauona ukurasa huo, ingawa mara nyingi unaonekana kwa aliye ndani peke yake. Kipimo cha haki ni simu iliyozimwa Wi-Fi ikabaki na data ya mtandao wa simu tu. Ukitaka kuona zaidi ya kinachoonyeshwa na kivinjari, iunganishe kompyuta ya mkononi kwenye data hiyo ya simu na utumie amri ya `curl -v` ukiipa anwani ya tovuti yako, kwani hiyo hukueleza hatua kwa hatua jina limegeuka nambari gani, muunganisho umejaribiwa wapi, na umekwama vipi. Ila ufute kwanza ule mstari wa faili la hosts, kama ulikuwa nao, maana hufuatana na kompyuta popote iendapo.

Sasa nirudi kwenye kiduara cha dada. Muunganisho ukishindikana, hushindikana kwa namna mbili, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Namna ya kwanza ni kukataliwa. Ujumbe hutokea papo hapo, pengine kabla hujaondoa kidole, na maana yake ni kwamba kuna mashine iliyoipokea pakiti ikarudisha neno kwamba kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza. Namna ya pili ni kimya. Mashine ya mgeni hutuma pakiti ya kwanza, isipojibiwa huirudia tena na tena, ikizidisha subira kadiri muda unavyokwenda, na kiduara huzunguka muda wote huo. Anayebisha hodi akajibiwa kwamba mwenyeji hayupo, angalau amejua nyumba ipo na amefika. Asiyejibiwa hajui hata kama amesimama mbele ya nyumba yenyewe. Kukataliwa hukuelekeza kwenye programu ya seva au kwenye nambari ya poti. Kimya hukuelekeza kwenye ukuta wa moto, kwenye kanuni ya ruta inayoelekeza mahali pasipo na kifaa, au kwenye njia ambayo haikufiki kabisa. Dada aliposema kinazunguka tu, alikuwa ameniambia ni kimya, nami kwa jioni nzima nikawa nahangaika na mipangilio ya programu ya seva, mahali pekee ambapo kimya kile kisingeweza kutoka.

Jioni ya pili nilizima ruta na kuiwasha upya, kwa matumaini tu, na baada ya hapo tovuti haikufunguka hata ndani ya nyumba. Ruta ilikuwa imesahau orodha ya anwani ilizozigawa, na seva ilipoomba upya ikapewa 192.168.1.27. Kanuni niliyoiandika ya kuelekeza poti ilikuwa bado inaelekea .20, ambako sasa hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeipandisha kasoro ya pili juu ya ile ya kwanza, na kasoro mbili zikikaa kwenye njia moja, ukiondoa moja hakuna badiliko lolote linaloonekana. Nadhani hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu wanafanya jambo sahihi, matokeo yanabaki yaleyale, nao wanalirudisha jambo sahihi lilivyokuwa.

Dawa yake ni nyepesi na ingefaa iwe hatua ya kwanza ya kila mtu: seva ipewe anwani ya ndani isiyobadilika. Ruta nyingi zina sehemu ya kuhifadhi anwani, ambapo unaandika utambulisho wa kifaa, ule wenye tarakimu na herufi 12, na nambari unayotaka kipewe siku zote. Napendelea njia hii kuliko kuiandika anwani ndani ya seva yenyewe, kwa sababu ruta ndiyo inayogawa, na ikijua kwamba nambari fulani ina mwenyewe haitampa mwingine.

Jioni ya tatu nilichukua karatasi, nikafuta kila nilichokibadilisha, nikaanza upya kutoka ndani kwenda nje, kituo kimoja baada ya kingine, bila kukiacha kituo kabla hakijanijibu. Kwenye seva niliandika `ss -tln`, amri inayoonyesha poti zinazosikilizwa na anwani zinazosikilizwa. Ukiona 127.0.0.1:80, seva inajisikiliza yenyewe tu na haitampokea hata jirani aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo, ukiona 0.0.0.0:80 au nyota, inampokea kila anayefika. Yangu ilikuwa sawa. Kisha ukuta wa moto wa kompyuta: kwenye mifumo inayotumia ufw, `ufw status` huonyesha kilichoruhusiwa, na poti 80 na 443 zilikuwamo. Kisha kifaa kingine cha ndani kikaifikia seva kwa nambari yake. Ndani kulikuwa safi.

Kwenye ruta nilisoma kanuni ya kuelekeza poti polepole kama mtu anayesoma mkataba. Watengenezaji huliita jambo hili kwa majina tofauti katika menyu zao, lakini maudhui ni yaleyale: poti ya nje, anwani ya ndani, poti ya ndani, na aina ya mawasiliano, ambayo kwa tovuti ya kawaida ni TCP. Makosa hujificha katika mambo madogo, kama vile poti ya nje na ya ndani kuandikwa kinyume, kanuni kuandikwa bila kuwezeshwa, au aina ya mawasiliano kubaki UDP. Kuna pia ruta ambazo zimejitwalia poti 80 kwa ukurasa wao wa mipangilio, na haziiachii mpaka ukurasa huo uhamishiwe poti nyingine. Yapo mashauri mengi ya kuiweka kompyuta mahali ambapo ruta inaiachia poti zote kwa pamoja, ili "kujaribu tu". Siafikiani nayo. Jaribio hilo huanika kila huduma ya kompyuta hiyo nje, na mara nyingi husahaulika likiwa limewashwa.

Kanuni yangu ilikuwa sahihi, na bado kimya. Ndipo nilipotumia kifaa ambacho ningekishika tangu dakika ya kwanza, tcpdump, programu inayoonyesha kila pakiti inayogusa kadi ya mtandao. Ubora wake ni kwamba huiona pakiti inayoingia kabla ukuta wa moto wa kompyuta haujaamua kuipitisha au kuitupa, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuifika kompyuta yako kikafichika. Niliandika `tcpdump -n port 80 or port 443`, nikampigia dada.

"Bonyeza sasa, dada."

"Nimebonyeza. Kinazunguka."

Skrini yangu ilikuwa na mstari wa kichwa na kielekezi kinachopepesa, basi. Nilichukua simu yangu iliyokuwa kwenye Wi-Fi, nikafungua tovuti kwa nambari ya ndani, na mistari ikamiminika, kila mmoja na saa yake hadi sehemu ya milioni ya sekunde. Kwa hiyo programu ilikuwa inaona. Dada akabonyeza tena. Hakuna hata mstari mmoja.

Nieleze kidogo namna ya kuisoma mistari hiyo, maana ni lugha fupi yenye manufaa makubwa. Alama `[S]` ni hodi ya mgeni, na `[S.]` ni karibu ya seva. Ukiona `[S]` ikijirudia bila `[S.]`, pakiti imefika lakini ukuta wa moto wa kompyuta yako unaitupa. Ukiona `[S]` na `[S.]` zikijirudia pamoja, seva inajibu ila jibu halimfikii mgeni. Ukiona `[R.]` ikitoka kwako, umemkataa mgeni wewe mwenyewe. Na usipoona chochote, kama mimi, pakiti imeishia kabla ya kompyuta yako, nawe huna sababu ya kugusa tena kitu chochote kilichomo ndani yake.

Kilichobaki kilikuwa ruta au kilichoko mbele ya ruta. Nilifungua ukurasa wa hali ya ruta, sehemu ya WAN, yaani upande wake wa nje, na kusoma anwani iliyopewa na mtoa huduma: 100.72.14.9. Kisha nikafungua mojawapo ya kurasa zinazokuonyesha anwani unayoonekana nayo duniani, nikaona nambari nyingine kabisa. Nilizitazama nambari hizo mbili kwa muda mrefu. Zingepaswa kuwa nambari moja.

Anwani za IPv4, hizi za nambari nne zenye nukta kati yake, zina biti 32, yaani haziwezi kuzidi 4,294,967,296, na tarehe 3 Februari 2011 akiba kuu ya dunia iligawiwa ikaisha, mafungu matano ya mwisho yakaenda kwa mashirika matano ya kanda. Watoa huduma wenye wateja wengi kuliko anwani wakaanza kufanya kwa kiwango kikubwa kile ambacho ruta ya nyumbani hufanya kwa kiwango kidogo: kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Utaratibu huo huitwa CGNAT, na mnamo Aprili 2012 ukatengewa anwani zake rasmi, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Anwani yangu ya 100.72 ilikuwa katikati ya mafungu hayo. Pakiti ya dada ilikuwa inasafiri hadi kwenye mtambo wa mtoa huduma wangu, ambao haukuwa na agizo lolote la kuipeleka kwangu, na hapo ndipo ilipokuwa ikitupwa. Kanuni yangu ya ruta, niliyoisoma mara ishirini, ilikuwa ni mlango mzuri uliofunguliwa ndani ya ua wenye geti lililofungwa na mtu mwingine.

Kipimo hiki huchukua dakika moja, na ningependa kila anayetaka kuwa na tovuti nyumbani akifanye kabla ya kingine chochote. Soma anwani ya WAN kwenye ruta. Ikianza na 10 kisha nukta, au na 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, hiyo ni anwani ya ndani. Huenda una ruta mbili zilizofuatana, modemu ya mtoa huduma ikiwa ndiyo ya kwanza, na unaweza kuiomba ile ya kwanza ifanye kazi ya daraja tu au kuelekeza poti katika zote mbili. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya mtambo wa mtoa huduma. Ikiwa ni nyingine, ilinganishe na ile unayoonekana nayo nje. Zikifanana, mlango ni wako.

Nilimpigia mtoa huduma. Kijana aliyepokea alianza kwa kuniomba nizime na kuwasha ruta, nami sikumlaumu, kwa kuwa wanaompigia kwa sababu hiyo ni wachache. Nilijifunza kwamba ukieleza kuwa "tovuti haifunguki" unazungushwa, lakini ukisema kwa utulivu, "Laini yangu iko nyuma ya CGNAT, naomba anwani ya IP ya umma," unapelekwa kwa anayehusika. Baada ya siku chache ombi langu lilikubaliwa, ruta ikajiunga upya, na nambari mbili zile zikawa moja.

Wapo watakaokataliwa, na kwao njia haijafungwa. Kama mtoa huduma anakupa IPv6, aina mpya zaidi ya anwani, ambayo ina biti 128 na haihitaji kufichana nyuma ya anwani moja, unaweza kuwapokea wageni kwa njia hiyo, mradi uruhusu poti katika ukuta wa moto wa IPv6 wa ruta na ukubali kwamba wageni wenye IPv4 pekee hawatafika. Njia inayowafikia wote ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuchimba handaki kutoka nyumbani hadi kwenye seva hiyo kwa WireGuard, programu ya kuunganisha mashine mbili kwa njia ya siri, ambayo imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Seva ya nyumbani ndiyo inayoanza mazungumzo, kwa hiyo mtambo wa mtoa huduma unayapitisha, na mpangilio wa `PersistentKeepalive = 25` hutuma pakiti ndogo kila sekunde 25 ili jedwali la mtambo lisikusahau. Wageni hufika kwenye seva ya kukodi, nayo huwapitisha handakini hadi nyumbani.

Kwangu ilibaki hatua moja ambayo sikuitarajia. Nilifungua tena tcpdump, nikazima Wi-Fi ya simu, nikajaribu: poti 443 ikaleta `[S]` na `[S.]` mara moja, lakini poti 80 ikabaki kimya. Baadhi ya watoa huduma huzuia poti 80 kwa laini za nyumbani, kama wengi wanavyoizuia poti 25 ya barua pepe, na wangu alikuwa mmojawapo. Sikugombana naye, kwa sababu tovuti ya siku hizi huhitaji 443 zaidi. Tatizo lilikuwa cheti, hati ambayo kivinjari huitaka ili mawasiliano ya 443 yasimbwe. Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bila malipo, huthibitisha umiliki wa kikoa kwa njia ambayo wengi huitumia bila kujua, yaani kuja kusoma faili dogo kupitia poti 80, na kwangu lisingefika. Nikatumia njia ya pili, ya kuweka rekodi ya maandishi katika DNS, daftari linalogeuza majina kuwa anwani, chini ya jina `_acme-challenge`, ambayo haihitaji poti yoyote iwe wazi. Programu inayoiweka rekodi hiyo hujiendesha yenyewe, jambo la lazima kwa vyeti vya siku 90. Na kwa kuwa Chrome, tangu toleo la 90 la mwaka 2021, hujaribu 443 kwanza mtu anapoandika jina tupu, wageni wachache sana wataukuta mlango wa 80 uliofungwa.

Anwani yangu ni ya umma lakini si ya kudumu, hivyo kila dakika 5 seva huuliza anwani yake ya nje, na ikiona imebadilika hurekebisha rekodi ya kikoa. Muda wa rekodi hiyo kukaa katika akiba za wengine niliupunguza hadi sekunde 300. Kabla ya hapo ulikuwa saa 24, na anwani ingebadilika asubuhi, baadhi ya wageni wangeendelea kubisha nyumba ya mtu mwingine hadi kesho yake. Nilifuta pia rekodi ya IPv6 niliyoiweka zamani kwa majaribio, kwani rekodi iliyokufa huwasumbua wenye IPv6 peke yao, na mwenye tovuti asiyekuwa nayo hawezi kuiona shida yao.

Jambo la mwisho kabla ya kumwita dada lilikuwa kufunga nilichokifungua bila haja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kompyuta moja yenye laini ya kasi inaweza kubisha anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45, kwa hiyo kutojulikana si kinga. Siku hiyohiyo mlango ulipofunguka, kumbukumbu za seva yangu zilijaa watu nisiowajua wakiulizia `/wp-login.php`, ukurasa wa kuingilia wa tovuti za WordPress, ambao mimi sina. Nilibakiza kanuni moja tu kwenye ruta, ya 443. Nikaondoa ile ya 80, nikazima ruhusa ya vifaa kujifungulia poti vyenyewe, na kuingia kwa SSH, njia ya kuiamrisha seva ukiwa kwenye kompyuta nyingine, nikakuacha kwa aliye ndani, kwa ufunguo, bila nenosiri.

Kisha nikampigia. Nilikuwa nimefungua kumbukumbu za seva upande mmoja wa skrini na tcpdump upande wa pili.

"Nimebonyeza," alisema, na kabla hajamaliza neno hilo mstari wa `[S]` ukatokea, `[S.]` ikaufuata, na upande wa pili ukaandikwa mstari wenye anwani ambayo si ya ndani, saa, jina la ukurasa na nambari 200, yaani ukurasa umetolewa bila kasoro.

"Timazi," dada akasoma taratibu. "Uzi wenye kitu kizito mwishoni, wa kupimia kama nguzo imesimama wima."